Usitupe maganda, hiyo ni akiba ya nyumba

Wahenga walinena kuwa akiba haiozi. Msomaji wangu, leo naomba ruhusa nizungumze nawe juu ya akiba ya aina nyingine, akiba ambayo faida yake yote imo katika kuoza kwake. Nazungumzia maganda ya viazi, vikonyo vya sukuma wiki, maganda ya ndizi, majani ya chai yaliyokwisha kuchujwa na mabaki mengine ya jikoni ambayo tunayatupa kila siku bila kuyatazama mara mbili.

Chukua jioni ya kawaida katika nyumba ya kawaida ya mjini. Mama anamenya viazi, mtoto anatoa minji kwenye maganda, dada yake anakatakata sukuma wiki. Kufikia wakati ugali unapopakuliwa, kando ya sinki kuna rundo la kujaza karai. Dakika mbili baadaye rundo hilo limesukumwa ndani ya ndoo ya taka, juu ya karatasi ya mkate, betri iliyokufa na nepi ya mtoto. Siku ya tatu ndoo imeanza kunuka, inzi wamejialika, na watu wote nyumbani wanamngoja kijana wa kuzoa taka kama wanaongoja mshahara.

Hebu tupige hesabu. Maganda yale uliyanunua, kwa maana kiazi hupimwa sokoni pamoja na ganda lake. Kisha unamlipa mtu ayachukue. Na siku utakapotaka kupanda dania kwenye mkebe wa dirishani, utakwenda dukani kununua mbolea, yaani kile kile ambacho maganda yako yangekupa. Umelipa mara tatu kwa kitu kimoja!

Taka huzaliwa ndooni

Ganda la ndizi likiwa peke yake si taka. Ni lishe ya mbuzi, ni mbolea ya mchicha. Huwa taka pale linapokutana na betri na nepi. Kuanzia hapo hakuna mbuzi atakayepewa, wala hakuna bustani itakayolipokea. Isitoshe, hata ile chupa na ile katoni ambayo mnunuzi wa vyuma na plastiki angeichukua kwa furaha, sasa imepakwa uchafu na haina mnunuzi tena. Kitendo kimoja cha kuchanganya kimeharibu mali za aina tatu.

Kwa hivyo, hata ukisahau mengine yote utakayosoma katika ukurasa huu leo, kumbuka hili moja: weka ndoo mbili jikoni. Moja ya vitu vinavyooza, nyingine ya vile visivyooza. Ya kwanza iwe ndogo yenye kifuniko, na ikae karibu na mahali unapomenyea mboga kuliko ile ya pili, ili mkono uizoee.

Tena si mimi ninayekuamuru. Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya mwaka wa 2022 inawataka wananchi wa Kenya watenganishe taka zinazooza na zisizooza pale pale zinapotokea. Najua utasema, “Nitenganishe kwa nini, ilhali mkokoteni utavichanganya tena pale nje?” Una haki ya kuuliza. Lakini jawabu limo ndani ya swali lako. Ikiwa mkokoteni utavichanganya, basi njia ya hakika ni kuhakikisha kuwa kile kinachooza hakitoki nje ya ploti yako kwa kadiri unavyoweza.

Na kikitoka huenda wapi? Kwa sisi wakazi wa Nairobi, sehemu kubwa huishia Dandora, katika jaa lililofunguliwa miaka ya 1970 na ambalo lilijaa zamani. Zaidi ya nusu ya taka zinazotoka katika majumba ya jiji hili ni vitu vya kuoza. Vikirundikwa pamoja bila hewa, hutoa gesi ya methani ambayo hushika moto kwa urahisi. Kadhalika hutoa maji machafu ambayo hupita katikati ya betri, rangi na vyuma, yakibeba sumu hadi udongoni na mitoni. Mnamo mwaka wa 2007 Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira lilichapisha uchunguzi uliohusu watoto 328 wa maeneo ya karibu na jaa hilo. Nusu yao walipatikana na madini ya risasi katika damu kwa kiwango kilichofikia au kupita kile kilichokubaliwa kimataifa wakati huo.

Risasi haitoki kwenye ganda la kiazi, bila shaka. Lakini ni maganda yanayolifanya rundo kuwa kubwa, lenye maji, lenye moto na moshi. Mwezi Agosti 2024 majirani zetu wa Kampala waliona msiba wake pale jaa la Kiteezi lilipoporomoka baada ya mvua kubwa na kuwafunika watu waliokuwa wakiishi chini yake. Zaidi ya watu 30 walikufa. Tunapotupa kitu hatukitupi hewani, kuna mtu anayeishi pale kinapoangukia.

Sasa basi, tufanye nini na ile ndoo ya kwanza? Mimi hufuata utaratibu wa ngazi tatu: kwanza tumbo, pili mifugo, tatu udongo. Usiruke ngazi.

Kwanza tumbo

Mengi tunayoyaita mabaki ni chakula kilichokosa mpishi. Vikonyo vya sukuma wiki, kwa mfano, vikikatwa vyembamba sana na kutangulizwa kwenye mafuta na kitunguu kabla ya majani, hulainika vizuri na huongeza mboga mezani. Mashina ya dania yana harufu kushinda hata majani yake, basi yakatekate uyatie kwenye mchuzi. Majani ya kunde na ya malenge, ambayo wenzetu wa Magharibi mwa nchi huyathamini sana, watoto wa mjini huyaona kama majani ya ng’ombe. Wafunze kuyala.

Mifupa isitupwe kabla haijachemshwa ikatoa supu. Maji yaliyochemshiwa mboga yafaa kutiwa kwenye mchuzi badala ya maji matupu. Ndizi mbivu zilizoanza kuwa nyeusi zikipondwa na kukandwa pamoja na unga, hutoa maandazi matamu ambayo hayahitaji sukari nyingi. Ugali wa jana ukikatwa vipande na kukaangwa ni kiamsha kinywa cha mwanafunzi, na chai ya moto ikiwa kando yake nani atakumbuka mkate?

Hata hivyo tahadhari mbili. Kwanza, wali na vyakula vya nyama visilale juu ya meko usiku kucha. Vikipoa, na isizidi saa mbili baada ya kupikwa, viwekwe kwenye friji. Kama huna friji, pima mchele kulingana na walaji, maana wali uliolala kwenye joto huweza kuwa na sumu ambayo hata ukiupasha moto tena haiondoki. Pili, kiazi kilichogeuka kijani kimefanya sumu yake. Sehemu ya kijani ikatwe kwa kina pamoja na vijicho vyote vilivyoota, na kama kiazi kizima ni kijani, usimpikie mtu.

Pili mifugo

Utasema, “Mimi naishi orofa ya tatu, mifugo nitaitoa wapi?” Tazama nje ya dirisha. Katika mitaa yetu mingi hapakosi mtu mwenye kuku, sungura au mbuzi wawili watatu. Mtu huyo hununua chakula cha mifugo kwa bei inayomkosesha usingizi. Mwendee na ndoo yako safi, umwambie, “Jirani, haya ni maganda ya leo, hayana uchafu wala plastiki. Nami nikihitaji samadi utanikumbuka.” Huo ni urafiki ambao hauna hasara. Kule pwani akina mama hawatupi machicha ya nazi, ni haki ya kuku tangu jadi.

Lakini mfugo naye ana tumbo, na si kila kitu kinamfaa. Yashike haya:

Chakula chenye ukungu kisipewe mnyama yeyote, hasa mahindi na njugu. Ukungu wa aina fulani hutengeneza sumu iitwayo aflatoksini. Ndiyo sumu iliyoua zaidi ya watu 120 katika sehemu za Ukambani mwaka wa 2004 baada ya wao kula mahindi yaliyoharibika. Ng’ombe akiila, sumu hiyo hupitia kwenye maziwa na kumrudia mtoto wako kikombeni.

Ganda na kokwa la parachichi, au ovakado kama tunavyoliita sokoni, lisipewe kuku wala sungura. Lina kitu kinachodhuru moyo wao.

Maganda ya viazi yaliyo ya kijani ni sumu kwa mnyama kama yalivyo kwa binadamu. Maganda ya muhogo mbichi nayo yana sumu ambayo hupungua yakianikwa vizuri juani, kwa hivyo yasitoke jikoni moja kwa moja hadi zizini.

Makombo yenye chumvi nyingi au mafuta mengi hayamfai kuku. Na mabaki ya nyama ya nguruwe kamwe asipewe nguruwe mwingine, kwani hiyo ni mojawapo ya njia ambazo homa ya nguruwe husafiri kutoka zizi moja hadi jingine. Ugonjwa huo hauna tiba.

Maganda ya mayai ni chakula kizuri kwa kuku anayetaga, kwa maana humrudishia chokaa anayoitumia kutengeneza yai. Lakini yakaushe vizuri kwenye jua au juu ya jiko, kisha uyasage yawe unga. Kuku akiliona ganda likiwa bado na umbo la yai, huweza kujifunza kudonoa mayai yake mwenyewe, na tabia hiyo haifi upesi.

Tatu udongo

Kile kilichobaki baada ya tumbo na mifugo ndicho cha udongo. Hapa tunatengeneza mboji, na si lazima uwe na shamba. Ndoo kuukuu ya rangi ya lita 20 inatosha, mradi iwe imeoshwa vizuri na iwe na kifuniko. Itoboe matundu kumi hivi chini na mengine ubavuni, ukubwa wa kidole kidogo. Iweke juu ya mawe mawili kwenye roshani au nyuma ya nyumba, na chini yake karai ya kukinga maji yatakayodondoka.

Anza na vijiti vikavu chini ili hewa ipite. Kisha weka maganda uliyoyakatakata, kwa kuwa kipande kidogo huoza upesi kuliko kikubwa. Juu ya maganda weka vitu vikavu: majani makavu ya miti, maranda ya fundi seremala, au gazeti na katoni zilizochanwachanwa. Naam, hata gazeti hili, ukishamaliza kulisoma! Kwa kila konzi moja ya maganda, tia konzi mbili au tatu za vitu vikavu. Mwisho nyunyiza udongo wa kawaida kidogo, kwa sababu ndani ya udongo ndimo walimo wadudu wadogo wasioonekana kwa macho ambao ndio wafanyakazi wa kazi hii. Funika. Kesho rudia hivyo hivyo.

Siri yote imo katika hewa na maji. Wadudu wale huhitaji kupumua kama wewe na mimi. Mara moja kwa wiki chukua kijiti ugeuzegeuze, cha chini kije juu. Halafu chukua konzi ya mchanganyiko na uikamue. Ikiwa imelowa kama kitambaa kilichokwisha kukamuliwa, ni sawa. Ikidondosha maji, ongeza vitu vikavu. Ikipukutika kama vumbi, nyunyiza maji.

Na harufu je? Hili ndilo linaloogopwa kuliko yote, hasa na mwenye nyumba. Mboji iliyotengenezwa vizuri hainuki. Inuse, na ukipata harufu ya udongo baada ya mvua, umefaulu. Ikinuka yai viza, fahamu kuwa imekosa hewa na imezidi maji. Tia maranda au gazeti, geuza, acha kifuniko wazi kidogo, na baada ya siku chache itatulia.

Visivyotiwa humo ni hivi: nyama, samaki, mifupa, maziwa, mafuta ya kupikia na mabaki ya chakula kilichokaangwa. Hivyo huwaita panya, na panya akishafika hatoki bila vita. Kadhalika usitie kinyesi cha mbwa au paka, kwani huweza kuwa na vijidudu na minyoo wanaowadhuru watu. Maranda ya mbao zilizopakwa dawa au rangi pia uyaache.

Neno moja kuhusu chai yetu. Vitabu vya wageni husema majani ya chai yatupwe moja kwa moja bustanini. Lakini wao hunywa chai ya rangi. Sisi huchemsha majani pamoja na maziwa na sukari, na ukiyamwaga hivyo hivyo kwenye mkebe wa maua, sisimizi watafanya harusi. Yasuuze kwanza kwa maji, uyakamue, ndipo uyatie kwenye mboji.

Neno jingine ni kuhusu maganda ya mayai. Wengi huyavunja vipande vikubwa na kuyazungushia nyanya, wakiamini kuwa ndiyo dawa ya nyanya kuoza kitako. Ganda huchukua muda mrefu sana kuyeyuka udongoni, na ugonjwa huo aghalabu huletwa na umwagiliaji wa kubahatisha, leo maji mengi na kesho hakuna. Saga maganda yawe unga, yatie kwenye mboji, na nyanya zako uzipe maji kidogo kidogo kila siku.

Jivu la makaa laweza kutiwa, lakini kiasi cha konzi moja kwa wiki kwa ndoo nzima. Likizidi huufanya udongo kuwa mkali.

Baada ya miezi miwili au mitatu, kutegemea joto la mahali unapoishi, mchanganyiko utakuwa mweusi, wa kupukutika, na hutaweza tena kulitambua ganda la ndizi wala la kiazi. Katika Mombasa au Kisumu utavuna mapema kuliko Limuru. Usishangae ukiona ndoo iliyojaa imekuwa chini ya nusu, ni kawaida. Yafaa kuwa na ndoo mbili, ili moja ikipumzika nyingine ijazwe.

Gunia la mboga

Mboji peke yake ni kali mno kwa mche mchanga. Changanya sehemu moja ya mboji na sehemu tatu za udongo. Kama huna pahali pa kupanda, mwalimu wako awe Kibera. Baada ya ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007, chakula kilipokuwa adimu na ghali, familia nyingi huko zilifundishwa kupanda mboga ndani ya magunia mlangoni pa nyumba zao. Gunia moja huchukua nafasi ya stuli, lakini hubeba miche mingi kwa kuwa unapanda juu na ubavuni.

Chukua gunia imara na mkebe mkubwa uliotolewa kitako na kifuniko. Simamisha mkebe katikati ya gunia, ujaze mawe madogo ndani yake, na udongo wenye mboji kuuzunguka. Vuta mkebe juu, mawe yabaki. Jaza tena, vuta tena, hadi gunia lijae na katikati yake pawe na nguzo ya mawe. Nguzo hiyo ndiyo njia ya maji, bila hiyo juu patalowa na chini pakauke. Toboa matundu ubavuni, upande miche ya sukuma wiki na spinachi, na juu upande vitunguu vya majani na dania. Maji yaliyooshea mchele au mboga yanafaa sana kumwagilia. Maji yenye sabuni kali au chumvi usiyatumie.

Je, gunia moja litalisha familia? Sitakudanganya. Halitafunga kibanda cha mama mboga wala halitalipa karo. Lakini siku ambazo mfuko umetoboka, kuwa na majani ya kuchuma mlangoni ni tofauti kati ya ugali na mboga, na ugali mtupu. Na tuchunge jambo moja: gunia lisiwekwe karibu na mtaro wa maji machafu wala kando ya barabara kuu, kwa sababu mboga hunyonya yaliyo udongoni na hubeba vumbi la mahali ilipo.

Kwa wanafunzi

Vijana, msidhani nimewasahau. Kuna jaribio dogo mnaloweza kufanya wakati wa likizo. Chimba mashimo matatu ya kina cha shibiri moja, au tumia mikebe mitatu yenye udongo. Katika la kwanza fukia ganda la ndizi, la pili kipande cha gazeti, na la tatu kipande cha karatasi ya mkate. Weka alama, mwagilia maji kidogo kila baada ya siku chache, na ufukue kila baada ya majuma mawili. Andika tarehe na unachokiona. Mwisho wa miezi miwili utakuwa na somo zuri la Sayansi na Kilimo, na utakuwa umejua kwa macho yako kwa nini nyumba inahitaji ndoo mbili na si moja.

Ukitaka burudani zaidi, chukua kitako cha kitunguu cha majani chenye mizizi, ukichomeke kwenye udongo wenye unyevu. Baada ya siku chache kitachipua tena. Tangawizi iliyoanza kuota vijicho nayo itakubali kupandwa.

Kazi hii ni ya nani?

Nimeona mara nyingi jinsi mipango mizuri ya nyumbani inavyokufa. Mama anaianzisha kwa moyo, kisha anaachiwa peke yake. Yeye ndiye wa kupika, wa kufua, na sasa ndiye wa kugeuza mboji. Baada ya mwezi anachoka, ndoo inanuka, na mzee wa nyumba anasema, “Si nilikwambia?” La hasha, ndugu yangu. Kutoboa ndoo, kuleta maranda kutoka kwa fundi na kujaza gunia kwataka nguvu, na nguvu hizo unazo. Watoto wapewe zamu ya kumimina maganda jioni na kugeuza Jumamosi. Na yule msaidizi wa nyumbani aelezwe kwa upole sababu ya ndoo mbili, wala asiamrishwe tu, kwa maana ndiye anayeshika maganda mengi kuliko sisi sote.

Kama mnaishi katika ploti ya familia nyingi, zungumzeni na mtunza ploti na mwenye nyumba kabla hamjaanza. Waonyesheni ndoo moja inayofanya kazi bila kunuka. Mtu huamini pua yake kuliko maneno ya jirani. Ndoo moja ikishakubalika, huenda kesho ploti nzima ikapata kona yake ya mboji, na mkokoteni ukaondoka na mzigo mwepesi.

Basi leo jioni, kabla kisu hakijagusa kiazi, tafuta ile ndoo ya pili. Usingoje serikali, usingoje mwezi ujao, usingoje upate shamba. Haba na haba hujaza kibaba, na katika jambo hili kibaba chenyewe ni mboji.

Jumapili ijayo, Mungu akipenda, tutazungumzia namna ya kuhifadhi nyanya na vitunguu wakati bei iko chini ili vikufae itakapopanda. Hadi wakati huo, nakutakia wiki njema wewe na jamaa yako.